Daftari la Usingizi

Jumatano, 2 Oktoba 2024. Kirumba, Mwanza

Giza la mwezi limeingia. Jioni mitumbwi ya dagaa imetoka na taa zake za sola, na wenzangu watavua hadi alfajiri. Mimi nimebaki nchi kavu. Kazi ya usiku ndiyo iliyokuwa ikiniwasha. Nikikesha mfululizo, usingizi unagoma wenyewe, maneno yanakimbizana mdomoni, nagawa hela na kujiona naweza kununua mwalo mzima. Kisha naporomoka, hata kuoga nashindwa. Daktari kule Hospitali ya Bugando alisema ni baipola, akaniandikia kabamazepini, akanionya kuwa vidonge havitafua dafu nikiendelea kukesha. Sasa naanika dagaa mchana. Kipato kimeshuka, lakini nalala.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya Afya ya Akili Duniani. Maradhi mengi ya akili huanza mtu akiwa bado mdogo. Nimewakumbuka wale tuliosoma nao shule ya msingi waliochapwa kwa ukorofi. Huenda wengine walikuwa wagonjwa.

Nimesoma pia habari za Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 2011 alitamka hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili akiwa binti. Alifundisha kwamba hisia zikifurika, uso uingie kwenye maji baridi, mapigo ya moyo yatapungua. Mimi hutumia maji ya mtungi. Ya ziwani yana kichocho.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru, Uwanja wa CCM Kirumba. Mji mzima ngoma na vipaza sauti. Kijana mmoja kanidhihaki mbele ya wateja: “Vidonge umemeza leo?” Mikono ikaanza kutetemeka. Nikajiambia kimoyomoyo: hii ni hasira, na chini yake kuna aibu. Nikaondoka, nikautia uso kwenye beseni, nikaenda kwa mama.

“Mama, leo nimewaka.”

“Kaa hapa mwanangu, tuchambue dagaa.”

Hakuniuliza zaidi. Hasira ilishuka. Aibu bado ninayo usiku huu, nami nimeiandika ili nisilale nayo kichwani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwezi mpevu, wavuvi wamepumzika. Mmoja wao amenivuta pembeni.

“Kaka, mdogo wangu halali, anacheka peke yake. Nyumbani wanasema karogwa.”

Sikubishana na wazee wake. Nimemwambia waombe dua wanazotaka, ila kesho twende wote Bugando, na usiku huu waandike analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, maana daktari atauliza. Nimemsihi pia wasimwambie ajikaze. Kijana wa namna yetu hujikaza tangu asubuhi hadi jioni. Anachohitaji ni dawa, usingizi, na mtu wa kukaa naye bila kumhukumu. Tunaondoka saa moja asubuhi.