Siku ya Kliniki ni Pesa Ngapi?

Wachumi wa afya wana swali ambalo kwetu Gusii tumeliuliza miaka yote: shilingi hii ikienda huku, nani atakosa kule?

Malaria ilipokuwa ikilipuka kwenye milima yetu, ilibidi kuchagua: kugawa neti, au kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba? Mwaka 2002 Helen Guyatt na wenzake walichapisha hesabu kutoka nyanda hizi za juu. Kwa kila mtu aliyekingwa, kupuliza dawa kuligharimu kidogo kuliko neti. Kazi ya taaluma hii ni hiyo tu: weka gharama na faida za njia mbili kando kwa kando, halafu uchague ukiwa macho.

Mimi naikubali. Pesa za kaunti hazitoshi kila kitu, na asiyepiga hesabu huishia kumpa anayepiga kelele. Lakini kabla sijaamini jibu, huwa nauliza: gharama ya nani?

Shangazi yangu huchuma majani chai Nyamira, na ana kisukari. Kila mwezi anashuka Kisii mjini kuchukua dawa. Kwa kliniki, ziara hiyo ni bei ya vidonge na dakika chache za daktari. Kwa shangazi ni nauli mia nne kwenda na kurudi, chai na mandazi mia moja, na siku nzima bila kupima hata kilo moja. Mwaka jana akaanza kuruka miezi.

"Si ati sijali, mwanangu," aliniambia. "Nimepiga hesabu."

Saa hii ana kidonda mguuni ambacho kimekataa kupona.

Basi nami nikapiga yangu. Akipewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, kliniki itahitaji stoki kubwa zaidi, lakini safari 12 zitakuwa 4. Safari 8 alizookoa ni shilingi 4,000, na bado sijahesabu majani. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inamdai mtu wa kipato cha chini angalau 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Nauli na chai peke yake zingemlipia bima, na chenji ibaki.

Hizo 4,000 hazimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Zimo kwenye mguu wa shangazi.