Laptop ya Marehemu Kaka Yagoma Usiku wa Manane, Fundi wa Kwanza Ataka Kufomati

Saa saba na dakika kumi usiku, Mabibo. Skrini ni nyeusi, katikati kuna viduara vinazunguka na namba inapanda kwa madaha: 69%, 70%, 71%. Feni inalia kama inataka kupaa. Binti yuko kitandani, kajifunika kanga hadi kidevuni, simu mkononi, na bando limebaki la kuunga unga kwa sababu GB zaidi ya tano zimeliwa kushusha Windows 11.

Halafu umeme ukakatika.

Kwa mwenye laptop mpya hiyo wala si habari, betri inabeba. Ya huyu dada betri ilishakufa kitambo. Inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa dripu, ukichomoa tu imekata roho. Ikazima hapo hapo, na chumba kizima kikawa kimya.

Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri. Akawasha. Nembo ikatokea, yakaja maneno kwamba inaondoa mabadiliko, ikajizima, ikajiwasha, maneno yaleyale. Baadaye ikaja skrini ya bluu ikisema imeshindwa kujitengeneza yenyewe. Aliwasha na kuzima mara kumi na moja, na kila mara alikuwa anaomba kimoyomoyo kama mtu anayekwangua vocha ya mwisho.

Ni hivi, wadau. Laptop yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, aliyeinunua used Kariakoo mwaka 2017. Kaka alikuwa mtu wa video za harusi na send-off, na hiyo mashine ndiyo ilimlisha. Alipofariki mwaka 2022, dada akairithi mashine na kazi pia. Hakuna aliyemwambia aendelee, alijikuta tu anapokea simu za wateja wa kaka na kusema "ndiyo, tunafanya".

Ndani kulikuwa na folda moja inaitwa MAZOEZI. Kaka alikuwa anajirekodi usiku akijifunza u-MC, maana alitaka siku moja aachane na kushika kamera, ashike maiki. Video zipo kama thelathini. Anakosea majina ya maharusi wa kubuni, anacheka mwenyewe, anaanza upya. Dada aliifungua folda hiyo mara mbili tu katika miaka yote hiyo. Na hakuwahi kuikopi popote. Watu watauliza kwa nini, flashi si inauzwa kila kona? Ukishafiwa utaelewa. Kukopi ni kama kukunja nguo za marehemu na kuziweka kwenye begi. Unasema kesho, kesho, mpaka kesho inakuja na skrini ya bluu.

Kilichomponza ni tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft walisitisha apdeti za bure za kawaida za Windows 10, kwa hiyo matundu mapya ya usalama yakigundulika hayazibwi tena kama zamani. Kwenye grupu la WhatsApp la maedita, mmoja akaandika kwamba anayebaki na Windows 10 atahakiwa mpaka M-Pesa. Dada akaingiwa baridi. Akaendesha ile programu ya ukaguzi, ikamjibu wazi: mashine yako haifai. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita, na orodha ya Windows 11 upande wa Intel kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane. Pia inataka TPM 2.0, yaani kile kichipu kinachotunza funguo za siri za kompyuta.

Hapo mtu angeweza kuishia. Lakini YouTube ina kila kitu, ikiwemo njia ya kuidanganya Windows isikague. Njia yenyewe si ya uongo, mashine nyingi za zamani zimepita hapo salama. Ila yule kijana wa kwenye video alikuwa anaifanya kwenye laptop isiyo na kitu ndani, yenye betri nzima. Hakusema "kopi mafaili yako kwanza". Au alisema na dada akarusha mbele. Si unajua tena video ya dakika kumi na nane.

Asubuhi akaenda kwa fundi wa karibu. Kibanda kidogo, simu zimepangwa kama karanga, redio juu. Fundi akawasha, akatazama kama dakika mbili hivi.

"Dada yangu, hii ni kufomati tu. Elfu ishirini na tano, jioni unachukua."

"Na mafaili?"

"Mafaili ndio basi tena. Tunaanza upya, safi kabisa."

Dada akaivuta laptop, akaikumbatia kifuani hivyo hivyo na chaja inaning'inia. Fundi akamshangaa.

Yule fundi tusimlaumu sana. Kufomati ni kazi ya saa moja, analipwa kwa idadi ya vichwa, na wateja wengi wanachotaka ni mashine iwake. Tatizo ni kwamba hakusema ukweli wote. Windows ikifa, mafaili hayajafa. Yapo palepale kwenye diski, kama vitu vilivyo ndani ya chumba ambacho kitasa kimeharibika. Kufomati ni kuvunja chumba ili ubadilishe kitasa.

Alibaki mtu mmoja tu, na ndiye aliyekuwa hataki kumwendea.

Rafiki wa marehemu. Walikuwa na fremu moja Kariakoo, mmoja akitengeneza kompyuta, mwingine akiedit. Baada ya msiba, kamera ya kaka haikuonekana. Mama yao alisema kwa sauti ya chini, ya mtu ambaye ameshamaliza kulia, kwamba aliyebaki na funguo za fremu anajua ilipo. Tangu siku hiyo namba ya yule jamaa ilikaa kwenye simu ya dada bila kupigwa wala kufutwa.

Lakini ilikuwa Jumatano, na Jumamosi kulikuwa na mteja anayesubiri video ya send-off ambayo alishatanguliza laki na nusu. Na kulikuwa na MAZOEZI. Dada akapanda daladala.

Jamaa alimwona kwa mbali akasimama. "Mdogo wangu," alisema, halafu hakujua aendelee na nini. Dada akamsalimia, "Shikamoo kaka," akaweka laptop mezani. Jamaa aliitambua kabla haijafunguliwa. Kwenye kona ya kifuniko bado kuna stika ya Simba iliyochanika nusu, na yeye ni mtu wa Yanga, ndiye aliyeichana.

Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Swali lake la kwanza halikuwa la Windows. "Umeiwasha mara ngapi?" Alipoambiwa kumi na moja akatikisa kichwa. Akasema asiiwashe tena, diski ya zamani ile inazunguka, kila ukiwasha unaichosha. Swali la pili: uliwahi kuweka BitLocker? Maana kama diski imefungwa kwa BitLocker, bila ile namba ya tarakimu 48 hutoi hata picha moja. Haikuwa imefungwa.

Dada akamwuliza kama wangejaribu kwanza kuitengeneza.

"Nyumba ikiungua unatoa watu kwanza," jamaa akasema. "Windows tutaizika baadaye."

Sasa alichofanya, wewe unayesoma na laptop yako imegoma, kitazame vizuri. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo inakupeleka yenyewe kwenye ukurasa wa bluu wa matengenezo. Humo ukiingia kwenye chaguo za juu zaidi kuna Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri. Jamaa akaandika neno moja tu: notepad. Notepad ileile ya kuandikia ikafunguka! Akaenda kwenye kufungua faili, akachagua ionyeshe mafaili ya aina zote, na ghafla diski nzima ikawa wazi mbele yao, folda kwa folda. Herufi zilikuwa zimehama kidogo, iliyozoeleka kama C ilikuwa D, lakini vitu vyote vipo. SEND-OFF OKTOBA. HARUSI MAMA MDOGO. KADI. MAZOEZI.

Dada alitoa sauti ambayo jirani wa fremu ya pili aligeuka.

Jamaa akachomeka diski ya nje. "Tuanze na ipi?" Dada akanyoosha kidole. Hakuitaja. Jamaa akabofya kulia, akakopi, akaenda kwenye diski ya nje, akabandika.

Ubaya wa njia hii ni mmoja: haionyeshi kitu. Hakuna mstari wa kijani, hakuna asilimia, dirisha linaganda tu kama limekufa. Ukipaniki ukazima, umeharibu. Unachoweza kufanya ni kutazama taa ya diski ya nje inavyopepesa, na kungoja. Basi wakangoja. Muuza kahawa akapita, jamaa akanunua vikombe viwili na kashata.

Dakika kama kumi hivi wakiwa kimya, jamaa akasema bila kumtazama, "Ile kamera niliiuza mimi."

Dada hakujibu.

"Aliniambia yeye. Yuko wodini. Kodi ya fremu ilikuwa miezi minne, akasema uza, mama asijue kwamba biashara ilikuwa imekufa. Hela iliyobaki nililetea msibani, kwenye bahasha, bila jina."

Taa ikaendelea kupepesa. Dada alikumbuka bahasha. Pia alikumbuka kwamba msiba wowote una bahasha zisizo na jina. Angeweza kuuliza ilikuwa shilingi ngapi, na jibu lingethibitisha au kukanusha. Hakuuliza. Alikunywa kahawa yake mpaka kwenye machicha.

Dirisha likazinduka. Wakaenda kukagua kwenye kompyuta ya jamaa: video thelathini na moja, zote zinafunguka. Wakaendelea na folda kubwa, na ile ya send-off peke yake ilikula zaidi ya saa nzima. Baada ya hapo ndipo jamaa akajaribu matengenezo ya kawaida, kuondoa apdeti, kutengeneza uwakaji, yote yakagoma. Akatoa diski ya zamani, akamfungia kwenye mfuko aende nayo nyumbani, akaweka SSD mpya na kupandisha Windows 10 upya. Leseni ilijitambua yenyewe mara tu ilipopata intaneti, kwa sababu inatambua mashine.

"Kumbe tunarudi kulekule kumi?" dada akauliza.

Hapo ndipo alipoambiwa kitu kilichomfanya acheke na kutaka kulia kwa pamoja. Microsoft wametoa mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama kwa watu wa kawaida wenye Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa apdeti, na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft hulipi hata senti. Ilikuwa ni kubofya tu. Usiku ule wote, GB zote zile, roho yote ile mkononi, kwa kitu ambacho hakikuwa na haraka.

Jamaa alichukua hela ya SSD tu. Ya ufundi alikataa, na dada hakumlazimisha, kwa sababu hakujua kama kukataa kule ni upendo au ni deni.

Send-off ilimalizika Ijumaa saa tatu usiku, mteja akatuma mioyo sita na salio lake. Dada akabaki mezani. Akachomeka diski ya nje, akafungua MAZOEZI, akabonyeza video ya kwanza bila kuvaa earphone.

"Hebu tusikilizane, hebu tusikilizane kidogo wageni waalikwa..." Sauti ikajaa sebuleni. Kisha kicheko. Kisha, "Aah, nimekosea, ngoja."

Mama alikuwa ametokea jikoni, mwiko mkononi. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Nani kaitengeneza?"

Dada akamtaja.

Mama hakusema kitu. Ugali ulikuwa motoni na harufu ya kuungua ilianza kuja. Alivuta kiti, akakaa, mwiko bado uko mkononi.

"Rudisha pale mwanzo," alisema.