Msonobari Unapopumzika

Ng'ombe akilala kivulini, twajua kwamba amepumzika. Je, mti ukipumzika tutajuaje? Swali hili hunivutia sana kila ninapoifikiria misonobari.

Mmekwisha kujifunza kwamba jani hutengeneza chakula cha mmea. Hutumia maji, hewa ya kaboni dayoksaidi na mwanga wa jua, ambao hunaswa na umbijani. Kazi hiyo huitwa usanisinuru.

Baadhi yenu mmeiona misonobari iliyopandwa Sao Hill, mkoani Iringa. Huko hakuna theluji. Lakini nchini Kanada, ambako iko misitu mikubwa ya misonobari na miti ya jamii yake, majira ya baridi huwa makali hata maji huganda. Miti mingine hupukutisha majani, nasi twajua kuwa kazi imesimama. Majani ya msonobari, membamba kama sindano, hubaki mtini yakiwa ya kijani. Kwa macho, mti unaofanya kazi na mti uliopumzika hufanana.

Hata hivyo, ndani ya jani mna mabadiliko. Baridi huzuia usanisinuru, lakini jua huendelea kuliangaza jani. Nguvu ya mwanga isiyotumika yaweza kulidhuru. Kwa hiyo rangi za manjano, za jamii ya ile iliyomo katika karoti, huongezeka zikilinganishwa na umbijani. Rangi hizo husaidia kuigeuza nguvu hiyo kuwa joto, na jani husalimika.

Hapo mwanga unaoakisiwa na jani hubadilika pia: ule wa kijani hupungua ukilinganishwa na mwekundu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini chombo cha kupimia mwanga huitambua. Mwaka 2016, mwanasayansi John Gamon na wenzake walieleza jinsi walivyoipima kwa kutumia setilaiti iliyo kwenye kimo cha kilomita 700 hivi. Walivilinganisha vipimo hivyo na vile vya minara iliyojengwa msituni ili kupima kaboni dayoksaidi inayochukuliwa na miti. Vipimo vilipatana.

Jambo hili si dogo. Kaboni dayoksaidi ikizidi hewani, dunia huongezeka joto. Nayo miti huipunguza wakati inapofanya usanisinuru tu. Kwa hiyo haitoshi kuhesabu miti ya kijani. Nanyi mtakapoutazama msitu, jiulizeni: je, sasa unafanya kazi, au umepumzika?