Mshale hauna sikio la -ngali-

Mwaka wa pili pale Mlimani nilichukua somo la mantiki ya alama kwa sababu moja tu: halikuwa na insha ndefu. Nilidhani nimekwepa kazi. Kumbe.

Mantiki hii huzivua kauli zetu maneno, zikabaki herufi na alama. Mwingereza George Boole alichapisha kitabu chake kikubwa cha njia hiyo mwaka 1854, na Mjerumani Gottlob Frege akaifikisha mbali zaidi mwaka 1879. "Ikiwa mvua itanyesha, basi Jangwani patafurika" inakuwa p, mshale, q. Basi.

Mshale una sheria iliyotuchekesha darasani. Kauli yake ni ya uongo pale tu p inapokuwa kweli na q ikawa uongo. Kwa hiyo p ikiwa uongo, kauli nzima ni ya kweli, hata useme nini mbele yake. "Ikiwa Mbagala iko Ulaya, basi mimi ni samaki" ni kweli tupu. Nikaipeleka nyumbani, Mbagala Rangi Tatu. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na hayo ndiyo tunayolipia ada?"

Ijumaa moja mwishoni mwa muhula mama akapiga simu. "Baba yako hajisikii vizuri, ila si sana. Utakuja?" Jumatatu nilikuwa na mtihani wa mantiki, na foleni ya Barabara ya Kilwa kila mtu anaijua. Nikasema, "Mama, nikimaliza Jumatatu nakuja." Baba alifariki Jumapili alfajiri.

Mtihani niliufanya miezi miwili baadaye. Swali la kwanza: jaza jedwali la ukweli la mshale. Nilipofika mstari ambao p ni uongo, kalamu ikasimama. Miezi yote ile nilikuwa natembea na sentensi moja kichwani: kama ningalikwenda Ijumaa, baba angalikuwa hai. Sikwenda, kwa hiyo p ni uongo. Kwa sheria ya mshale, sentensi yangu ni kweli. Lakini kwa sheria hiyohiyo, "kama ningalikwenda Ijumaa, baba angalikufa vilevile" nayo ni kweli. Mshale ulinihukumu na kuniachia huru kwa wakati mmoja. Nikajaza jedwali, nikaendelea na swali la pili.

Baadaye nilimfuata mwalimu. Akaniambia mshale haukutengenezwa kwa sentensi za namna hiyo, akanielekeza kwa Mmarekani David Lewis, aliyeandika kitabu kizima juu ya mambo ambayo hayakutokea, Counterfactuals, mwaka 1973. Kwa Lewis, ukitaka kujua kama sentensi hiyo ni kweli, fikiria ulimwengu unaofanana na huu wetu kadiri inavyowezekana, tofauti ni kwamba humo ulikwenda. Kisha tazama kinachotokea.

Nikiwa maktaba nikawaza kwamba Kiswahili kilishalitenga jambo hili zamani. Nikienda: mlango uko wazi. Ningekwenda: umerudishwa. Ningalikwenda: umefungwa kwa komeo. Mtaani tunachanganya -nge- na -ngali-, lakini sikio linajua. Mshale hauna sikio hilo.

Wikiendi ile nilimkuta mama uani anachambua mchele. Baada ya shikamoo nikamwambia ile sentensi yangu, kwa mara ya kwanza. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ungekuja Ijumaa ungemkuta ameshalala," akasema. "Asubuhi mngekunywa chai. Angekuuliza habari za samaki wako. Ungeona ana nafuu, na Jumamosi jioni ungerudi chuo kusoma. Nakujua wewe."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ningekupigia simu, kama nilivyokupigia."

Mama hajawahi kusikia jina la Lewis.

Sijui kama alisema kweli au alinihurumia tu. Hilo halina jedwali. Ila katika ule ulimwengu wa mama, baba anafariki vilevile, lakini ile chai tumeshakunywa. Miezi yote nilikuwa nimejishtaki kwa kifo, na labda kesi hiyo haikuwa yangu. Chai ni yangu. Hiyo sina wa kumsingizia, na kila nikipita Rangi Tatu asubuhi naikumbuka.