Tuzo ya Mtu Mwovu



Uingereza walianzisha mwaka 1999 tuzo za tamthilia za televisheni, British Soap Awards, na mojawapo ilikuwa ya mwigizaji wa mhusika mwovu. Mwaka 2003 aliipata Brian Capron wa Coronation Street. Alimwigiza Richard Hillman, mshauri wa fedha mwenye sura ya upole, aliyeua watu na hatimaye akaiendesha gari yenye familia yake hadi ndani ya mfereji. Hillman alichukiwa, Capron akapewa tuzo.

Huku kwetu Mwanza twachelewa kuwatenganisha hao wawili. Ijumaa Kuu ikikaribia, vijana hugombea kuwa Petro au Yohane, lakini Yuda hukosa mtu. Mwaka mmoja alikubali kijana mtaratibu, mchuuzi wa dagaa kwenye mwalo mmoja wa ziwani. Aliigiza vema hata akina mama wakamzomea. Baada ya Pasaka wateja walimwita Yuda, wakimdai vipande thelathini. Tulicheka pia, mpaka jina lilipofika kwa wazazi wa binti aliyetaka kumposa, nao wakasita. Ilitubidi kwenda wenyewe kueleza kwamba usaliti ule ulikuwa wa saa mbili tu, tena kwa ombi la parokia.

Kwa maoni yetu, huyo ndiye aliyestahili zawadi, kwani bila Yuda wa kuaminika igizo lote hupwaya. Mwaka uliofuata hakujitokeza yeyote. Nafasi ilichukuliwa na katekista wetu mzee, aliyebusu upesi na kutoweka kabla watu hawajamtambua.