Sungura mwenye mwenyewe

Asubuhi moja baada ya mvua tulikuta sungura mweupe chini ya mgomba wetu, hapa Bukavu. Hakukimbia, tukajua ni wa kufugwa. Jirani akacheka: «Nyama imejileta!» Sisi tukajibu: «Huyu ana mwenyewe.» Tukauliza nyumba kwa nyumba, hakuna aliyemjua.

Basi tukamtunza, lakini tulikosa mara mbili. Kwanza tulimbeba kwa masikio, kumbe twamwumiza. Yafaa kumbeba kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine chini ya miguu ya nyuma. Tena tulimpa ugali mwingi. Kesho yake akakataa kula, wala hakupata choo. Mzee mmoja mfugaji akatuonya: «Wanangu, sungura asiyekula siku nzima yu karibu kufa. Mpeni nyasi kavu na maji safi.» Tulikesha naye. Alfajiri tukasikia anatafuna.

Siku ya nane akaja mtoto, akamwita kwa jina. Watoto wetu walilia, lakini tukamrudishia. Kutunza mali ya mwenzako si kujipatia. Ni kuilinda mpaka mwenyewe aje.