Lisbon, Mji Uliovikwa Vigae

Mgeni apandaye vichochoro vya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hukutana na jambo lililo nadra katika miji yetu. Vigae havikuishia bafuni na jikoni, bali vimetoka nje na kuivika nyumba tangu msingi hadi paa. Makanisa, maduka na nyumba za kupanga, vyote vimepambwa kwa buluu, manjano na kijani.

Wareno huviita azulejo. Wengi hudhani kwamba neno hilo limetokana na azul, yaani buluu. La hasha! Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya kijiwe kilichosuguliwa. Basi hao walioanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593 walikuwa wamekwisha kuazima pambo la nyumba zao kwa Waislamu wa Hispania.

Kazi yenyewe yataka moyo. Kigae cha udongo huchomwa, kisha huchovywa katika maji mazito yenye bati na unga wa kioo. Yakaukapo hubaki vumbi jeupe, na hapo ndipo mchoraji aanzapo. Huweka juu yake karatasi iliyotobolewa kufuata mistari ya picha, akaipigapiga kwa kifuko cha unga wa makaa. Aiondoapo, mchoro umebaki kwa nukta. Ndipo ashikapo brashi. Vumbi lile hunyonya rangi papo hapo, wala hakuna kufuta. Mkono ukisita, doa limebaki. Tena rangi yenyewe haionekani ilivyo: kobalti, itakayokuwa buluu iliyokoza, wakati huo imefifia tu. Ni joko, kwa joto la nyuzi zipatazo 1,000, litakalomwonyesha alichokifanya. Karakana ya Sant'Anna, iliyoanzishwa mwaka 1741, ingali ikichora kwa mkono.

Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, moto na mawimbi ya bahari viliuangamiza mji. Sura yake ya kale yaweza kuonekana katika picha ya vigae yenye urefu wa mita 23 hivi, iliyochorwa miaka ya 1700, mali ya Makumbusho ya Taifa ya Vigae. Nyumba kwa nyumba, mpaka vyombo mtoni.

Siku hizi adui ni mwizi. Nyumba ikihamwa, usiku vigae hubanduliwa na kuuziwa watalii kimoja kimoja. Mwaka 2007 jumba la makumbusho la polisi wa upelelezi lilianzisha kampeni ya kuvilinda. Mwaka 2013 halmashauri ya Lisbon ilipiga marufuku kubomoa kuta za nje zenye vigae, na mwaka 2017 sheria ikaenea nchi nzima.

Mwenye nyumba aliyeibiwa hupeleka karakana kigae kimoja kilichosalia, mchoraji akaiga mistari yake. Kipya hakifanani kabisa na cha kale. Mpita njia mwenye macho hukitambua mara moja, kwa weupe wake.